Simu Inayosikia Cherehani

Simu ya dada yangu ilipokufa, watu wa nyumbani kwangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa, halafu papo hapo wakaanza kunipangia. Mume wangu ndiye aliyetangulia. Alisema niende kwenye lile duka kubwa la kampuni ya simu, nichukue moja ya zile simu zao za kulipa kidogo kidogo, mambo yaishe. Nikamwambia yeye ni fundi bomba, abaki na mabomba yake. Suala la simu ya dada niachiwe mimi.

Na sikusema hivyo kwa kiburi, ingawa kiburi ninacho cha kutosha. Mimi ni fundi cherehani, na dada yangu ni fundi cherehani, na kazi alinifundisha yeye, kwa mdomo mkali na rula ya mbao. Anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Tuna laini mbili za kampuni moja, na laini hizo ziko kwenye kifurushi ambacho kampuni ilikiuza zamani kwa ndugu: namba mbili, mnaongea mtakavyo, mwezi mzima, kwa ada ndogo. Nadhani kampuni ilijuta kabla hata tangazo halijakauka ukutani. Siku hizi hawakiuzi tena. Aliye nacho anacho, na akikiacha, ndiyo basi, hana pa kurudi.

Mtu mwingine angekitumia kwa umbea. Sisi tunashonea. Asubuhi nikishafungua madirisha ya chumba cha mbele, napiga, dada anapokea, kila mtu anaweka simu yake mezani kando ya cherehani, tunaanza kazi. Laini ikikatika napiga tena. Miaka yote tulikuwa tunashona hivyo, tunateta wateja, tunabishana kuhusu kola, na wakati mwingine hatusemi neno mpaka mchana, kila mtu na mshono wake.

Kisha dada akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukachoka, mguu wa kulia ukachoka, na ulimi ukagoma kabisa. Akili ilibaki ile ile. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na ukimletea mshono mbovu anaufumua mbele yako bila aibu. Ila maneno hayatoki. Mwanzoni alijaribu. Wageni wakawa wanakaa kando ya kitanda wanamkisia: "Maji? Mto? Dirisha?" kama watoto kwenye mchezo, na mmoja akipatia, wote wanashangilia. Siku moja dada akafunga mdomo, na toka hapo hakuufungua ila kwa kula na kucheka. Daktari alisema mazoezi yangemrudishia maneno, hata kama si yote. Dada akamtazama kwa lile jicho ninalolijua tangu utoto, na daktari akabadilisha mada.

Lakini cherehani alikirudia. Alijifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake na kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, na kazi ikawa ya polepole lakini safi. Kwa hiyo laini yetu haikufa. Mimi naongea, yeye anashona, na mimi namsikia. Nikisema jambo la kuchekesha, cherehani kinasita kidogo halafu kinakwenda mbio. Nikimuudhi, kinasimama mpaka niombe radhi. Pindo refu nalijua, tundu la kifungo nalijua, na tangu augue mwendo wake unachechemea, na mchechemeo huo ningeutambua katikati ya vyerehani mia.

Anaishi na mpangaji tu, mwalimu kijana mwenye adabu, anayetoka asubuhi na kurudi alasiri. Katikati ya hapo mlinzi wa dada yangu ni sikio langu. Akianguka, mimi ndiye nitakayejua. Simu yake ilipovimba betri na kuzima, nilimwomba mwalimu awe anachungulia kila anapoweza, lakini mwalimu ana darasa zima la watoto wa watu. Siku zile nilishona vibaya mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimeanza kunywa.

Nilianza na duka la kampuni, ili mume wangu asije akasema sikufika. Baridi ya mashine ya hewa ilikuwa inauma masikio. Kijana wa kaunta alikuwa na tai iliyofungwa vizuri na tabasamu la kazini.

"Karibu mama. Chukua hii, unalipa kidogo kidogo, wala hutahisi."

"Inakubali laini yoyote?"

"Inakubali laini yetu, mama. Inakuja na kifurushi kipya, kitamu kweli."

"Na kifurushi chetu cha ndugu?"

Akaandika namba ya dada kwenye kompyuta. Akasogeza uso karibu na kioo. Akamwita mwenzake, naye akaja kutazama.

"Mama, hiki bado kinafanya kazi?"

"Kinafanya, na kitaendelea kufanya."

"Kwa simu hii itabidi tuwahamishe kwenye kipya. Hiki kitajifuta chenyewe."

"Basi simu hii ni nzuri sana, mwanangu. Mpe mwingine."

Kijana akacheka, na nikampenda kidogo kwa hilo. Hakuwa na kosa. Aliuza alichopewa kuuza. Lakini simu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja na kifurushi kimoja ni kama cherehani kinachokubali uzi wa duka moja tu. Siku duka likiamua kuuza uzi mwekundu peke yake, utashona mashati mekundu na utasema asante.

Nikavuka barabara mbili mpaka kwa Kioo. Ni mwanamke wa makamo, na aliitwa hivyo kwa sababu alianza kwa kubadilisha vioo vya simu vilivyopasuka. Sasa ana duka lake, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakisalimiana mmoja lazima atoke nje. Bisibisi zake ndogo zimepangwa kwa urefu, miwani iko juu ya kichwa, na mdomo wake hauna breki.

"Mama, sema shida yako. Usiniambie jina la simu, niambie shida."

Nikampenda papo hapo. Nikamwambia: isiyofungwa mtandao, iingie laini yetu ya zamani bila kugusa kifurushi. Chaji ikae kutwa. Kamera iwepo, maana dada yangu hasemi, wateja anawajibu kwa picha. Bei iwe ya mtu anayefanya kazi kwa mikono. Na sauti, nikasema, sauti ndiyo kila kitu.

"Sauti!" akasema Kioo, akatoa simu nyembamba kwenye kabati. "Basi hii. Haijafungwa, weka laini ya popote. Na hii ina vipaza sauti viwili. Kimoja kinakusikia wewe, kingine kinasikiliza kelele ili kizitoe. Ukiwa sokoni, ukiwa kwenye mvua ya mabati, mtu wa upande wa pili anakusikia wewe tu."

Nikatia laini yangu mwenyewe humo, ikakubali bila swali. Nikampigia mume wangu nikamwambia mambo mawili matatu aliyoyastahili tangu asubuhi.

"Nakusikia mpaka unavyokunja uso," akasema.

Nikalipa. Nilitoka pale nikitembea katikati ya njia, nikiwa na hakika kwamba hakuna mtu aliyewahi kununua simu kwa akili kuliko mimi. Jioni ile ile mzigo ukapanda basi. Kesho yake mwalimu akaupokea, akahamisha laini ya dada, akaniandikia kwamba kila kitu kiko sawa na kwamba mama, ndivyo anavyomwita dada, ameipenda rangi.

Asubuhi iliyofuata nikafungua madirisha, nikaketi, nikapiga. Ikapokelewa.

"Dada! Umeionaje?"

Kimya.

Si kimya cha mtu anayefikiria, maana mtu akifikiria utasikia kiti, utasikia kikombe. Hiki kilikuwa kimya kitupu, kama simu imezikwa. Nikaita tena. Nikasema utani wetu wa zamani kuhusu bwana harusi aliyekuja kupimwa suti akiwa amevaa suti. Kimya. Nikakata, nikapiga upya. Ikapokelewa upesi, na kimya kikarudi mahali pake.

Nikajipa moyo: amepokea, basi mkono unafanya kazi. Halafu nikajivunja moyo mwenyewe: kama mkono unafanya kazi, kwa nini hashoni? Mbona cherehani hakiendi? Nikamwona ameanguka kando ya kiti, kidole kikiwa juu ya simu. Nikampigia mwalimu katikati ya somo lake, na sijui nilisema nini, lakini nilimsikia akiwaambia watoto wakae kimya na kusoma, kisha nikasikia viatu vyake vikikimbia.

Niliganda nimeshika simu mpaka alipopiga. Alipiga kwa simu ya dada, akihema.

"Mama mdogo, mama yupo. Yuko mzima kabisa. Anashona."

"Anashona?"

"Anashona suruali. Amekaribia kumaliza mguu wa pili."

"Mwambie aendelee. Weka simu karibu na cherehani."

"Nimeweka hapa juu ya meza. Anaendelea. Ananitazama kama mwizi, lakini anaendelea."

Sauti ya mwalimu ilikuja safi kama yuko chumbani kwangu. Nyuma ya sauti yake hapakuwa na kitu. Hakuna mkanda, hakuna kanyagio, hakuna sindano.

"Sasa hivi, mwalimu, ninapoongea, cherehani kinakwenda?"

"Kinakwenda, mama mdogo. Husikii?"

Nilikaa juu ya furushi la vitambaa vya wateja nikalia. Nililia kwa nafuu, kisha nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeijaribu simu kwa mdomo. Nikiwa na akili zangu timamu, nilikuwa nimeijaribu kwa mdomo simu ya mtu asiyesema. Nayo simu ilifanya kazi yake sawasawa, kama Kioo alivyoahidi: ilisikiliza chumba kizima, ikatafuta mtu anayeongea, na yote mengine ikayahesabu kuwa kelele, ikayatoa. Katika chumba kile, dada yangu ndiye kelele.

Baada ya muda picha aliyopigiwa na mwalimu ikaingia kwenye simu yangu. Ilikuwa mkono wake wa kushoto umekaa juu ya gurudumu la cherehani. Alikuwa ananiambia: nipo, acha ujinga.

Mchana mume wangu alikula akanisikiliza, kisha akatoa wazo. Ana mawazo mengi akishiba.

"Si akutumie picha kila baada ya muda? Picha ikija, shemeji mzima."

"Picha ni ya jambo lililokwisha," nikamwambia. "Akianguka baada ya kuipiga, nitakaa naangalia picha ya mtu mzima."

Alisogeza sahani, akaniuliza taratibu ninataka kufanya nini. Nikamwambia nataka abebe cherehani.

Nina cherehani kidogo cha mkono, cha kuzungusha, ninachokitumia umeme wa taa ukikatika na kiza kikinilazimu kusogea mlangoni. Kidogo ni jina tu. Chuma ni chuma. Mume wangu alikibeba begani mpaka kwa Kioo, akilalamika njia nzima kwamba hata bomba kuu la maji lina huruma kuliko kile. Tulipoingia, Kioo akashusha miwani kutoka kichwani.

"Mama, vyerehani hatutengenezi hapa."

"Hiki hakijaharibika. Kimekuja kununua simu."

Nikamweleza. Na lazima niseme haki ya Kioo: hakubisha, hakucheka, wala hakuniambia kwamba bidhaa ikishatoka hairudi. Alisimama kama mtu aliyeulizwa swali zuri. Akachukua simu nyingine ya aina ile ile, akaingia kwenye mipangilio yake, akapekua ukurasa baada ya ukurasa akinong'ona.

"Kwenye nyingine unaweza kuzima huo mchujo. Kwenye hii hawajaweka pa kuzima." Akaiweka chini. "Miaka yote hii, mama, wateja wananiambia ondoa kelele. Hakuna aliyekuja kuniambia niletee kelele."

"Basi leo amekuja."

Tukaweka cherehani juu ya kaunta, bisibisi zikasogezwa. Mume wangu akatumwa nje, ng'ambo ya barabara, asimame mbele ya duka la viatu na simu sikioni. Mimi nizungushe, Kioo ashike simu inayojaribiwa umbali ule ule ambao simu ya dada hukaa, na mume wangu apaze sauti kutoka kule aseme anasikia nini. Watu wawili watatu walisimama kutazama. Mwenye duka la viatu akatoa kiti.

Simu ya kwanza ilikuwa ya bei nzuri sana, mitumba, inang'aa. Tukatia laini yangu. Ikaandika kwamba inataka namba ya kufunguliwa. Kioo akaona haya.

"Aliyeniuzia aliniapia kuwa haijafungwa. Naweza kukufungulia, mama, lakini wakati mwingine inakubali kwa mwezi halafu inajifunga tena."

"Ya kubahatisha sitaki."

"Au unabadili laini tu, unachukua ya mtandao wake..." Akaniangalia usoni, akairudisha simu kabatini bila kumalizia sentensi.

Ya pili ilikubali laini. Nikazungusha cherehani kwa nguvu zangu zote, sindano ikipanda na kushuka kwenye kipande cha kitambaa cha suruali. Nje kukawa kimya.

"Unasikia nini?" nikapaza sauti.

"Nasikia wewe unahema!"

Ya tatu ilikuwa ghali kuliko zote, na Kioo aliileta kwa ajili ya kujiridhisha tu, akitaka kujua. Ile ilificha hata kuhema kwangu. Mume wangu alidhani imekatika akaanza kurudi. Watu waliosimama sasa walikuwa wanatoa ushauri, na mmoja akasema tatizo ni cherehani, nije na cha umeme. Nikamwomba aende zake.

Kioo akauma mkono wa miwani. Halafu akainama, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa simu nene, nyeusi, ikiwa bado kwenye boksi lenye vumbi.

"Mpya hii. Haijafungwa. Ila watu hawaitaki, mama. Ina kipaza sauti kimoja tu na haichuji chochote. Nimerudishiwa mbili. Wanasema inaleta kila kitu."

"Tia laini."

Laini ikakubali. Nikazungusha cherehani, wala si kwa nguvu, nikazungusha ule mwendo wa dada wa kuchechemea: haraka, pole, haraka, pole. Ng'ambo ya barabara mume wangu akaruka, akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nasikia cherehani!" akapiga kelele. "Nasikia cherehani, nasikia Kioo ana mafua, nasikia mtu anasema tatizo ni cherehani!"

Yule mshauri alikuwa hajaondoka. Kicheko chake ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, lazima nimpe haki yake naye.

Kamera ya simu ile ilipiga picha kama mtu aliyesahau miwani nyumbani, lakini kifungo ni kifungo na kola ni kola, vinaonekana. Chaji ilikuwa ya kukaa hata kutwa mbili. Na bei ilikuwa chini ya ile nyembamba niliyokwisha kuilipia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitoka duka la simu nikidai. Kioo alikubali nichukue nyeusi kwanza, nyembamba irudi kwa basi baadaye. Si mtu wa kuamini watu ovyo. Aliniambia niache cherehani pale kaunta mpaka simu yake irudi. Nikamwambia huo ndio utaratibu wa watu wenye akili. Mume wangu alifurahi kuliko sote, maana alirudi nyumbani mikono mitupu.

Siku mwalimu alipoipokea na kuhamisha laini, sikutaka kusubiri asubuhi, lakini nilisubiri. Nikafungua madirisha. Nikaketi. Nikapiga, ikapokelewa, na kabla sijasema neno nikamsikia dada yangu.

Nilisikia kanyagio likilia ule mlio wake, maana kila mwaka nasema nitakuja kulitia mafuta. Nilisikia mkanda, nikasikia mkasi ukiwekwa mezani, nikasikia kuku wa jirani. Simu yake ya zamani haikuwahi kunipa hata nusu ya hayo. Haraka, pole, haraka, pole. Furaha ilinipanda mpaka nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

"Dada, nakusikia! Nakusikia wewe na kuku pia!"

Cherehani kikasita, halafu kikaenda mbio. Alikuwa anacheka. Nikamsimulia yote: Kioo, duka la viatu, mume wangu chini ya chuma, yule mshauri. Nilisimulia nikazidisha pale palipohitaji kuzidishwa. Kisha nikawa na mkono wa koti wa kuunga, kazi isiyotaka mdomo, nikanyamaza nikashona, naye akashona. Nilikuwa nimetulia moyoni kwa mara ya kwanza tangu betri ile ivimbe.

Katikati ya utulivu huo nikasikia kitu kingine chini ya cherehani chake. Nikadhani redio ya jirani. Nikaendelea kukanyaga huku nikiinamisha sikio karibu na simu. Kilikuja, kikapotea, kikaja. Cherehani chake kikiongeza mwendo, kinakuja. Kikipunguza, kinapotea.

"Ko... ko-la."

Mguu wangu ulikuwa unakanyaga wenyewe.

"Mu... mfu-ko. Mfuko."

Ilikuwa sauti ya dada yangu. Ilikuwa imekwaruza na imepungua, ilikuwa inatambaa, lakini ni ile iliyonifundisha kazi. Sikuwa nimeisikia tangu siku ile alipofunga mdomo mbele ya wageni wake. Alikuwa anataja kilichokuwa mbele yake mezani, neno moja moja, akijificha ndani ya kelele za cherehani mahali ambapo mwalimu hasikii, daktari hasikii, na mimi sikuwahi kusikia. Hakujua kwamba simu ile nene inaleta kila kitu. Labda alianza wiki ile. Labda alikuwa akifanya hivyo kila siku, muda wote niliokuwa namsimulia habari za wateja nikidhani mimi ndiye ninayemliwaza.

"Pi... pindo."

Akapumzika. Kisha akaanza neno lingine, refu, akaligonga mara moja likavunjika, akalirudia.

"M... mdo... mdogo wa..."

Likakatika hapo. Akarudi mwanzo.

"Mdogo wa... wa..."

Machozi yalinijaa, nikawa siuoni mkono wa koti. Mguu wangu ukasimama. Na kule, papo hapo, cherehani chake kikasimama.

Anasikia kila kitu, nilishasema. Alikuwa amenisikia nimesimama. Sasa alikuwa amekaa kule, mguu juu ya kanyagio, anasikiliza kama nimemsikia. Maneno yote yalinijaa kooni: dada, nimekusikia, dada, endelea, dada, ni "wangu", malizia. Najua mdomo wangu, na ninamjua yeye. Nikitoa neno moja tu, nitakuwa mgeni kando ya kitanda anayeshangilia, na mdomo ule utafungwa tena.

Nikameza kila kitu. Nikainua sindano, nikalitoa koti la mteja, nikachomoa na uzi. Kisha nikaanza kukanyaga cherehani kitupu, mwendo wa kawaida, wa mtu mwenye kazi nyingi na masikio yaliyoziba.

Kukapita muda. Kanyagio lake likalia mara moja, likalia tena, na cherehani chake kikaanza kuchechemea.

Mume wangu akaingia na sanduku lake la vifaa. Akaniona nakanyaga, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa, bila uzi, na uso wangu wote umelowa. Akafungua mdomo aulize. Nikamwinulia kidole, naye kwa mara moja katika ndoa yetu akanyamaza bila kuambiwa mara mbili.

"M... mdo... mdogo," ikasema simu. "Mdogo wa..."

Nikaongeza mwendo.